Kitovu Kisichotulia: Namna ya Kufundisha Kitovu cha Tungamo cha Mwili

Neno lenyewe ndilo kikwazo cha kwanza. Mwanafunzi akisikia "kitovu cha tungamo", au cha masi kama vitabu vingine vinavyoandika, yaani nukta ambapo tungamo lote la mwili huwa kana kwamba limekusanyika, mkono wake huenda tumboni. Hajakosea sana, kwa kuwa mtu mzima aliyesimama wima, mikono ikining'inia, huwa na kitovu hicho ndani ya nyonga, chini kidogo ya usawa wa kitovu cha kawaida, kwenye takriban asilimia 55 ya kimo chake kutoka sakafuni. Kosa lake ni kudhani kwamba hicho ni kiungo chenye mahali pake pa kudumu, na fasili ya ubaoni haiondoi dhana hiyo.

Anza kwa kumtaka mmoja asimame, visigino na makalio vikigusa ukuta, kisha aokote kalamu iliyo mbele ya vidole vyake bila kukunja magoti. Ataelekea kuanguka, basi mwenzake awe karibu kumdaka. Darasa likishacheka, eleza kwamba mtu husimama bila kuanguka mradi timazi inayoshushwa kutoka kwenye kitovu cha tungamo iangukie ndani ya eneo linalozungukwa na nyayo zake. Anapoinama mahali pengine makalio hurudi nyuma kusawazisha, lakini hapa ukuta umeyazuia.

Kipimo ndicho kiini cha somo, nacho kipewe muda mrefu. Weka ubao imara juu ya vipande viwili vya nondo vilivyoachana sentimita 200, kimoja juu ya tofali na kingine juu ya mizani ya kupimia uzito wa watu, ubao ukiwa mlalo kabisa. Soma mizani ubao ukiwa mtupu. Tuseme inaonyesha kilo 5. Mwanafunzi wa kilo 50 mwenye kimo cha sentimita 160 alale chali, nyayo zikiwa sawasawa juu ya nondo ya tofali, kichwa upande wa mizani. Ikisoma kilo 27, toa 5, zidisha 22 kwa 200, gawanya kwa 50: kitovu kiko sentimita 88 kutoka nyayoni. (Tafuta wa kujitolea, kwani uzito wa kijana si jambo la kutangazwa mbele ya wenzake.)

Sasa anyooshe mikono juu ya kichwa, bila kusogeza nyayo. Mizani itapanda, na kwa vipimo hivi kila kilo moja iliyoongezeka ni sentimita 4 ambazo kitovu kimesogea kuelekea kichwani. Hapo ndipo mkono uliokuwa tumboni huondoka.

Wakiwa tayari, waulize kuhusu Dick Fosbury, aliyeshinda kuruka juu katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 kwa mita 2.24, akivuka mgongo ukielekea chini: mwili uliopindwa kama upinde unawezaje kupita juu ya ufito ilhali kitovu chake cha tungamo kinaweza kupita chini yake?