Jinsi ya kutengeneza shabaha ya kuning'inia inayotulia katika upepo wa ziwa

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye bunduki ya upepo anayoimiliki kihalali, ambaye angependa kufanya mazoezi uani kwake kwa umbali wa mita 10. Hapa Mwanza kuna mambo mawili ya kutazama kabla ya kushika msumeno. La kwanza ni majabali: risasi ikigonga mwamba huchepuka kuelekea usikotarajia, kwa hiyo usielekeze shabaha huko kamwe. La pili ni upepo, kwani mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo ukavuma kutoka ziwani.

Hatua ya kwanza ni kinga ya nyuma. Chekecha mchanga mkavu usibakie na kokoto, uujaze kwenye viroba, kisha uvipange vizidi fremu kwa upana na kwa kimo. Nyuma yake pasiwe na njia, mlango wala banda la mifugo.

Hatua ya pili ni fremu: mirunda miwili iliyochimbiwa imara na bomba lililolazwa juu yake.

Hatua ya tatu ni shabaha yenyewe. Kopo tupu halifai, maana ni pana na jepesi. Mwombe fundi wa kuchomelea akukatie chuma cha mviringo chenye unene wa milimita 5 na kipenyo cha sentimita 6, atoboe matundu mawili juu na moja chini. Tia bolti kwenye matundu ya juu zichomoze kwa nyuma, na kamba uzifunge huko huko nyuma. Kwa namna hiyo uso wa chuma huinama kidogo, na risasi huelekea chini mchangani.

Hatua ya nne, tundika kwa kamba mbili za uzi wa nyavu, zilizoachana zaidi bombani kuliko kwenye chuma, kwa kuwa kamba moja huzunguka. Urefu wa sentimita 20 unatosha; kamba ndefu hubembea taratibu na kuchelewa kutulia.

Hatua ya tano ndiyo roho ya kazi hii. Wengi hufunga chuma kwa msumari chini, nacho hakiyumbi, lakini hata kikipigwa hakisemi kitu. Badala yake, chukua chubwi, lile pande la madini ya risasi la kuzamishia nyavu, ulifunge kwa uzi kwenye tundu la chini na kulining'iniza ndani ya ndoo ya maji bila kugusa kitako wala kingo. Sukuma chuma kwa kidole: kinapaswa kwenda na kurudi mara chache, kisha kitulie, kwa sababu maji hukinza mwendo wa chubwi. Kikiendelea kubembea, ongeza chubwi nyingine. Mbele ya ndoo weka kiroba cha mchanga.

Upepo ukizidi, tundika wavu chakavu wa dagaa uliokunjwa mara mbili au tatu upande wa ziwani, nje ya mstari wa kulenga. Wavu ni bora kuliko bati, kwani hupunguza kasi ya upepo, ilhali bati huuzungusha ukarudi kwa vishindo.

Vaa miwani ya kinga, na usitumie gololi za chuma, kwa maana hurudi kwa mpigaji. Baada ya mazoezi okota risasi zilizobondeka, uzitie kwenye kopo lenye mfuniko mbali na watoto na kuku, kisha nawa mikono kwa sabuni.