Mazungumzo ya wahusika: kuyaandika na kuyasahihisha

Mazungumzo mabovu kwenye miswada ya hadithi mara nyingi yana asili moja: Kiswahili cha insha. Mwandishi anabishana na konda kila asubuhi bila taabu, lakini akikaa kuandika, abiria wake anauliza, "Je, nauli ya kwenda Posta ni shilingi ngapi?" na konda anamjibu, "Nauli ni shilingi mia sita." Kituoni husikii hivyo. Utasikia "Posta bei gani?" na "Mia sita, panda." Mhusika akijibu kwa sentensi kamili inayorudia swali, msomaji anajua papo hapo kwamba anayesema ni mwandishi.

Kabla ya kuandika

Kwa kila anayezungumza kwenye onyesho, andika pembeni mambo mawili: anataka nini sasa hivi, na nini hataki kijulikane. Maneno kumi yanatosha. Ukikuta wote wawili wanataka kitu kimoja na hakuna anayeficha lolote, huna mazungumzo, una taarifa. Ipitishe kwenye usimulizi kwa sentensi mbili na uendelee.

Mfano: Mama Zuwena, mwenye nyumba, anataka kodi yake ya miezi sita. Kassim, mpangaji, anaficha kwamba amepoteza kazi bandarini. Rasimu ya kwanza kwa kawaida hutoka hivi:

"Shikamoo, Mama Zuwena," alisema Kassim.
"Marahaba, Kassim. Hujambo?" alijibu Mama Zuwena.
"Sijambo. Habari za nyumbani?" aliuliza Kassim.
"Nzuri. Kama unavyojua, kodi yako ya miezi sita iliisha tarehe 30 na mpaka leo hujalipa," alisema Mama Zuwena kwa hasira.
"Naomba unisamehe. Nilifukuzwa kazi bandarini mwezi uliopita, kwa hiyo sina pesa," alijibu Kassim kwa huzuni.

Hakuna kosa la sarufi hapo. Ila mistari mitatu imekwenda kwenye salamu, "kama unavyojua" inamweleza msomaji jambo ambalo wahusika wote wawili wanalijua, na Kassim ametoa siri yake kabla hajabanwa. Onyesho limekwisha na halijaanza. Sasa iandike hivi:

"Shikamoo, mama."
Mama Zuwena alikuwa anatazama nguo kambani. "Mashuka mapya haya?"
"Ya zamani. Karibu ndani, mama, jua kali."
"Siku hizi unashinda nyumbani, Kassim."
"Nimechukua likizo."
"Likizo." Akalivuta shuka, akaliachia. "Na mwenzako wa chumba cha nyuma? Maana yeye namwona anakwenda zake bandarini kila alfajiri."
"Mama, ile kodi—"
"Nimekuuliza kodi mimi?"

Shikamoo imebaki kwa sababu haikuitikiwa. Kijana amenyimwa marahaba, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana yake. Hiyo ndiyo kanuni ya salamu: ibaki pale tu inapokwenda kombo, ikicheleweshwa, ikiitikiwa kwa mguno au ikisahauliwa na mtu asiyepaswa kusahau. Salamu iliyokwenda sawa itaje kwa neno moja, "wakasalimiana", kisha ingia kwenye jambo. Tarehe ya kodi imeondoka kwa sababu haina kazi. Na kodi yenyewe imetajwa na mdaiwa, aliyeshindwa kuvumilia habari za mashuka.

Maneno madogo

Hapa ndipo Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wengi wanauacha nje ya ukurasa. Chukua kitenzi kimoja, umekula:

"Umekula?" ni swali tu, huenda hata la upendo.
"Si umekula?" anayeuliza anajua, anataka ukiri.
"Mbona umekula?" hilo ni lalamiko, ulipaswa kusubiri.
"Kwani umekula?" ana shaka na madai yako, au anakutega.
"Eti umekula?" kuna mtu mwingine amempelekea habari.

Ukiwa na maneno hayo manne, si, mbona, kwani na eti, huhitaji kuandika "aliuliza kwa mashaka". Shaka imo ndani ya kwani. Vivyo hivyo basi, tu, bwana, jamani, haya, hebu, ebo na loo. Lakini kila moja lifanye kazi: kama unaweza kulifuta na uhusiano wa wahusika usibadilike hata kidogo, lifute. Ukurasa uliojaa "jamani" unachosha kama ule usio nalo. Angalia pia "Je" ya mwanzo wa swali. Ni ya mtihani, mahakama na redio. Nyumbani si rahisi kuisikia. Mwachie mwalimu au wakili.

Wanaitanaje

Kitenzi chetu hakisemi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. "Akamwambia atakuja" yaweza kumhusu yeyote aliyemo chumbani, na kwenye onyesho la watu watatu msomaji hupotea mapema sana. Dawa ya kwanza ni miito, maana miito yetu inabeba rika, ukoo na jinsia kwa pamoja. "Wifi, hebu nipishe" imeshatuambia anayesema ni mwanamke na anasema na nani. Kwenye nyumba nyingi za pwani anayeitwa akiitika "Naam" ni mwanamume, akiitika "Abee" ni mwanamke. Huna haja ya kuongeza neno.

Miito hubadilika pia kadiri moto unavyopanda. Mume anayemwita mkewe Mama Salma siku zote, akimwita Rehema mbele ya watu, kuna jambo. Mama akimwita mwanawe mdogo "baba" anambembeleza. Akimtaja kwa jina lake na la baba yake, mtoto atafute pa kujificha. Tengeneza jedwali dogo: nani anamwita nani vipi wakiwa salama, na vipi wakigombana. Kwa riwaya yenye wahusika kumi hilo litakuokoa na kosa linalochekesha wasomaji sana, la mkwe kumwita mama mkwe kwa jina lake.

Kijembe na methali

Wahusika wetu wengi hawasemi moja kwa moja, na si lazima wanyamaze. Wanampiga mtu kijembe kwa kusema na mwingine. Mke mwenza anamfukuza kuku: "Toka! Nyumba yenyewe hujui nani kajenga, unaingia tu." Kuku hana habari, aliye dirishani amesikia. Ili mbinu hii ifanye kazi, sharti mambo matatu yawepo: anayesemwa asikie, asiweze kujibu bila kujitia aibu, na msomaji awe amekwisha kupewa ugomvi wenyewe kurasa chache kabla. Likikosekana hilo la tatu, msomaji ataona kuku tu.

Methali ni habari tofauti. Wazee wote wa kwenye miswada huongea kwa methali, na zote huzitamka nzima, kama wanazisomea darasani. Kwenye baraza mtu husema "Mficha uchi..." akaishia hapo, kwa sababu anayeambiwa anaijua iliyobaki. Kata nusu ya pili. Zikizidi mbili kwenye onyesho moja, bakisha ile inayouma.

Nani kasema

Alisema, aliuliza na alijibu havionekani na msomaji, na ni vyema visionekane. Alifoka, aling'aka, alinong'ona na alidakia viweke pale sauti inapobadilika kweli. Alitabasamu na alikuna kichwa si vitenzi vya kusema: funga maneno kwa nukta, kisha anza sentensi mpya. Watu wawili wakizungumza, mtaje msemaji mwanzoni, halafu kila baada ya mistari minne au mitano hivi. Msururu wa "akasema, akajibu, akauliza" unatoka kwenye ngano za kusimuliwa, na huko unapendeza. Kwenye hadithi ya kusomwa unachosha.

Lahaja na lugha ya mitaani

Mahali hapatambulishwi na misamiati peke yake. Sarufi hufanya kazi zaidi na haichakai. "Niko na njaa" imeshatupeleka Kenya; "nina njaa" inaweza kuwa Tanga au Dodoma. Mteja wa Dar es Salaam husema "naomba chai", wa Nairobi "nipatie chai", na si kwamba wa pili hana adabu. "Waenda wapi?" inanukia Mombasa. Pesa nayo inasema: buku ni elfu moja Tanzania na jero ni mia tano, ilhali soo ni mia moja Nairobi na thao ni elfu. Ukimweka konda wa Kariakoo aseme soo, msomaji wa Kariakoo atafunga kitabu. Sheng hubadilika haraka, kwa hiyo maneno mawili matatu kwa ukurasa yanatosha, yale ambayo muktadha unayafafanua. Usiyaandike kwa italiki wala kuyaeleza chini ya ukurasa. Mhusika hajui kwamba anasema maneno ya ajabu.

Kusahihisha

Usisahihishe kila kitu kwa mkupuo mmoja, utaishia kuhamisha mikato.

Kwanza, futa mistari miwili ya mwanzo na miwili ya mwisho ya kila mazungumzo, kisha soma. Mara nyingi hakuna kilichopotea. Kilichopotea kirudishe.

Pili, tafuta kwa kompyuta "kwa hasira", "kwa huzuni", "kwa furaha" na "kwa mshangao", uvifute vyote. Mstari ukidhoofika baada ya kufuta, tatizo lilikuwa kwenye maneno ya mhusika, yaandike upya.

Tatu, mpe kila mhusika rangi yake, halafu soma mistari ya mmoja peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho wa sura. Hapo ndipo utagundua bibi wa miaka themanini na mjukuu wake wote wanasema "kwa kweli" kila baada ya sentensi.

Nne, soma kwa sauti, ujirekodi kwa simu, usikilize bila kutazama karatasi. Mahali ulipokata pumzi katikati ya mstari, mstari ni mrefu. Mhusika akipita sentensi tatu bila kukatizwa, awe anahubiri, anashtaki au anadanganya. Vinginevyo mwingine adakie.

Mwisho ni uakifishaji. Msemaji mpya, aya mpya. Maneno yakikatizwa na mtu, weka kistari kirefu. Yakififia yenyewe, weka nukta tatu. Hotuba ikivuka aya moja, fungua alama za usemi mwanzoni mwa kila aya na uzifunge mwisho wa aya ya mwisho tu. Mwito utenganishwe kwa mkato: "Njoo ule, baba" ni mwaliko, na mkato ukiondoka unaanza kusikika kama mtu anaitwa amle baba. Baada ya alama ya kuuliza, aliuliza huanza kwa herufi ndogo. Word ina tabia ya kuigeuza kuwa kubwa bila ruhusa, kwa hiyo zima kipengele hicho kwenye AutoCorrect kabla ya kuanza sura ya kwanza, au uzikague zote moja moja ukimaliza.