Likizo halali nje ya nchi: mpango wa Muislamu anayeanzia safari Dodoma

Kabla hujalipia tiketi, fungua ratiba ya swala ya mji unaokwenda, kwa mwezi uleule utakaokuwa huko. Hapa Dodoma jua limetuzoesha vibaya. Magharibi huingia kati ya saa 12:20 na saa 1:05 jioni mwaka mzima, kwa hiyo mtu hupanga siku yake bila kuangalia saa. Istanbul hutumia saa sawa na yetu, lakini jua lake ni lingine kabisa. Mwezi wa 6 Alfajiri huingia karibu saa 9:30 usiku, Magharibi saa 2:40 usiku, na Isha karibu saa 4:30. Mwezi wa 12 mambo hugeuka: Adhuhuri saa 7 mchana, Alasiri saa 9:20, Magharibi saa 11:40 jioni. Ukitoka hotelini baada ya chakula cha mchana, swala tatu zitakukuta mjini, na matembezi yasiyopita karibu na msikiti yatakuchosha roho. London mwezi wa 6 jua huzama karibu saa 3:20 usiku na giza kamili halifiki, ndiyo maana misikiti ya huko huikadiria Isha kwa hesabu.

Mwenye watoto wadogo achague mwezi wa 3 na wa 4, au wa 9 na wa 10, siku zinapokaribiana na zetu. Kisha alinganishe na kalenda ya Hijria, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku 10 hadi 12. Ramadhani ugenini ina utamu wake, ila si likizo ya kuzunguka. Sikukuu za Idi nazo ziangalie: Uturuki soko kuu la Istanbul, lile la Kapalıçarşı, hufungwa, na mabasi ya kwenda mikoani hujaa. Kuala Lumpur wenyeji hurudi vijijini, na migahawa mingi ya Kimalei unayoitegemea hufunga milango kwa siku kadhaa.

Uliza swali sahihi kuhusu neno "halali"

Tangazo likisema hoteli ni rafiki kwa Waislamu, bado hujaambiwa kitu. Mambo ni manne, na kila moja linaulizwa peke yake: nyama imechinjwaje, inapikwa kwenye chombo na mafuta gani, pombe inauzwa hapo au haiuzwi, na eneo zima limetengwa kwa familia za Kiislamu au ni chumba chako tu kilichowekewa msala. Hoteli ya Dubai inaweza kuwa na nyama halali kabisa huku baa ikiwa hatua chache kutoka meza yako. Malaysia utaona kibao kinachosema hakuna nguruwe wala mafuta yake. Hicho si cheti. Huenda kuku hakuchinjwa inavyopasa, na huenda mchuzi umetiwa pombe. Cheti cha huko hutolewa na JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, na nembo yake hubandikwa mlangoni. Singapore ni MUIS, baraza la Kiislamu la huko. Afrika Kusini kuna taasisi zaidi ya moja, SANHA na MJC zikiwa miongoni mwake. Kazi ya taasisi hizi zote ni kama ile ya BAKWATA kwetu, kwa hiyo usione aibu kuomba kuona karatasi na kusoma tarehe ya mwisho.

Uturuki nyama ya nguruwe ni adimu, na swali la kweli ni pombe. Neno la kukumbuka ni alkolsüz, yaani mahali pasipouzwa kilevi. Mtaa nao huamua mengi: ukilala Fatih utazungukwa na misikiti na migahawa ya familia, ukilala Beyoğlu upande wa Taksim, chini ya dirisha lako kuna baa mpaka usiku wa manane. Kuala Lumpur, Kampung Baru ni mtaa wa Wamalei, Bukit Bintang ni wa starehe. Cape Town, Bo-Kaap ndiko ulipo msikiti wa Auwal wa mwaka 1794, na chakula halali kipo kwa kutembea kwa miguu. Tunashauri mtaa uchaguliwe kabla ya nyota za hoteli. Hoteli ya nyota tatu jirani na msikiti inashinda ya nyota tano unayotoka kwa teksi kila ukitaka kula.

Wafanyabiashara wanaounganisha mzigo na mapumziko Guangzhou watafute maandishi 清真, ambayo mara nyingi huwa kwenye kibao cha kijani, hasa kwenye maduka ya tambi za nyama ya ng'ombe. Herufi 猪 ni nguruwe. Zipige picha zote mbili zikae kwenye simu. Kwingineko kitimoto kina majina mengi: domuz kwa Kituruki, cerdo na jamón kwa Kihispania, maiale kwa Kiitaliano, porc kwa Kifaransa, Schwein kwa Kijerumani, buta kwa Kijapani. Mafuta yake yana majina tofauti na nyama yake, na hapo ndipo watu hunaswa: strutto kwa Kiitaliano, saindoux kwa Kifaransa.

Kimbilio la wengi Ulaya na Japani ni samaki na mboga, na ni kimbilio zuri kwa masharti. Samaki wa kukaanga huenda ametumbukizwa kwenye mafuta yaleyale ya soseji. Mchuzi wa mboga huenda una mvinyo. Mkazi wa Dodoma, mji wa zabibu na mvinyo, hana haja ya kuelezwa kwamba zabibu moja ina njia mbili. Japani mirin na sake, vileo vya mchele, hutiwa kwenye vyakula ambavyo havinuki pombe hata kidogo. Keki ya tiramisu mara nyingi ina kileo. Kwa watoto hatari ni peremende na mtindi: tafuta neno gelatine (hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama) kwenye orodha ya viambato, na kama hawakusema ni ya ng'ombe aliyechinjwa au ya samaki, rudisha kabatini. Soma pia namba za viambato: E542 hutokana na mifupa. E471 inaweza kutoka kwenye mimea au kwa mnyama, na lebo haikwambii ni ipi, labda bidhaa iwe imeandikwa kwamba ni ya walaji mboga.

Barua kwa hoteli

Andika kabla ya kulipa, kwa Kiingereza chepesi, na uhifadhi majibu. Ulizia nyama ya kifungua kinywa na nani kaithibitisha. Kama soseji za nguruwe huwekwa meza moja na mayai. Kama wataondoa pombe kwenye friji ya chumbani kabla hujafika. Kama kuna maji ya kujisafishia chooni. Umbali wa msikiti kwa miguu. Malaysia choo huwa na mpira wa maji, Uturuki kuna kibomba ndani ya bakuli la choo, lakini Ulaya Magharibi mara nyingi utakuta karatasi peke yake. Beba kopo jepesi la plastiki au chupa ya kubonyeza. Gharama yake ni ndogo na itakuokoa kila siku.

Kama mama na mabinti wanataka kuogelea, usiridhike na jibu kwamba kuna bwawa la wanawake. Kuna mabwawa yaliyojengewa ukuta kwa wanawake tu, na kuna bwawa moja la wote linalotengwa kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, lenye madirisha ya vyumba juu yake. Uliza: limefunikwa? Wahudumu wake ni wanawake? Saa ngapi? Pwani ya Antalya na Alanya, Uturuki, kuna hoteli zenye ufukwe wa wanawake pekee, na mlangoni simu zenye kamera huachwa. Ufaransa mabwawa mengi ya manispaa hayakubali vazi la kuogelea la stara, na tangu mwaka 2011 nikabu imekatazwa hadharani. Uswisi katazo kama hilo limeanza Januari 2025. Hijabu ya kawaida mitaani haina shida kwenye nchi hizo.

Makaratasi, na njia ya Dar

Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na kila mtoto anahitaji yake. Iwe na angalau miezi 6 zaidi ya siku ya kurudi, maana wengine hukwamia kaunta ya ndege kwa wiki mbili tu zilizopungua. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ni ya maisha, ila chanjo huhesabiwa kuanza kazi siku 10 baada ya kuchomwa. Ukichoma wiki ya safari umechelewa. Viza ya Falme za Kiarabu kwa kawaida hupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima, na inadai bima isiyopungua yuro 30,000 pamoja na alama za vidole. Kwa mtu wa Dodoma hiyo ni safari nzima ya Dar kabla ya safari yenyewe, kwa hiyo iingize kwenye bajeti. Tovuti za viza bandia ni nyingi: ingia kupitia ukurasa wa ubalozi au wizara ya nchi husika, usibofye tangazo la kwanza linalotokea. Malaysia hutaka pia fomu ya kuwasili mtandaoni, ambayo hujazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika.

Saa za tiketi ni za mzunguko wa 24, na hapa familia nzima huweza kukosa ndege. Tiketi ya tarehe 15 saa 01:30 (kwetu saa 7:30 usiku) maana yake unatakiwa uwanjani tarehe 14 usiku. Treni ya SGR imefupisha Dodoma hadi Dar kuwa saa tatu na nusu hivi, lakini usiiunganishe na ndege kwa kubahatisha. Umeme ukikatika njiani, ndege haikusubiri. Panda ya asubuhi kwa ndege ya usiku, au lala Dar.

Chakula cha ndege huagizwa kwa kifupi MOML, yaani mlo wa Muislamu, angalau saa 24 kabla, na kwa baadhi ya mashirika saa 48. Emirates na Qatar Airways hutoa nyama halali kwa wote, ila safari yako ikiunganisha mashirika mawili, agiza kwa kila kipande. Mkoba wa mkononi uwe na tende, karanga na zabibu kavu. Nyama kavu na maziwa haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, na zabibu mbichi hutaka cheti cha afya ya mimea, ilhali tende hazihitaji. Asali ya Singida weka kwenye begi kubwa: mkononi huhesabiwa kama kimiminika, na kikomo ni mililita 100 kwa chombo. Anayekwenda Dubai na dawa kali za maumivu, kama tramadol au zenye kodeini, aulizie kibali kwanza. Cheti cha daktari peke yake hakitoshi.

Swala ugenini

Hapa kwetu kibla ni kaskazini, na mashariki kidogo tu. Mwili umezoea huko na utakudanganya. Istanbul ni kusini-mashariki, Dubai ni magharibi na kusini kidogo, Kuala Lumpur ni magharibi na kaskazini kidogo. Malaysia tazama dari au droo ya chumbani, kuna mshale. Dira ya simu huyumba karibu na chuma, kwa hiyo isome mbali na kitanda na lifti.

Kwa Mshafi, yaani mfuasi wa madhehebu ya Shafi, kupunguza swala za rakaa nne kuwa mbili huanza ukishatoka kwenye majengo ya mji kwa safari ya kilomita 80 na ushee, na Dar inazidi hapo kwa mbali. Linalosahaulika ni la kukaa: ukinuia siku 4 kamili mahali pamoja, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, unasali kamili tangu unapofika, na kukusanya swala mbili kwa wakati mmoja hakuna. Wiki nzima Istanbul ni ukaazi. Siku 3 Istanbul kisha siku 3 Kapadokia, katikati ya Uturuki, bado u musafiri pote pawili. Wenye watoto wanaweza kupanga ratiba kwa kulijua hili.

Alfajiri haikusanywi na chochote. Ikikukuta angani, chukua udhu kwa maji kidogo ya chupa. Vitambaa vyenye unyevu havitoshi. Omba wahudumu nafasi ya kusimama. Ikishindikana, sali ulivyo kwa kuheshimu wakati, na kwa Mshafi uirudie ukitua. Magharibi angani hufuata jua unaloliona dirishani, si saa ya mji ulio chini. Kwa baridi za Istanbul vaa khofu, yaani soksi za ngozi, ukiwa na udhu kamili: musafiri hupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu kwa siku 3 na usiku wake, mkaazi siku moja, na hutalazimika kuinua mguu kwenye sinki la watu. Ayasofya, msikiti maarufu wa kale wa Istanbul, watalii hulipa yuro 25 kwa ghorofa ya juu tangu Januari 2024, lakini anayekwenda kusali huingia bure kwa mlango wa wenye swala. Usipange foleni ya tiketi.

Njia ya kurudi, ruhusa ya safari hukatika pale treni inapoingia kwenye majengo ya mji wa Dodoma. Adhuhuri uliyoichelewesha ukiwa kwenye behewa, ukishafika nyumbani unaisali rakaa nne.