Dereva kwenye viwanda vya wiski Uskoti

Unazunguka Speyside, eneo la Uskoti lenye viwanda vingi vya wiski, kwa gari? Ukifika mapokezi ya kiwanda, kabla ziara haijaanza, sema kuwa wewe ndiye dereva. Viwanda vingi vitakuwekea wiski yako ya kuonja kwenye vichupa vidogo, ukanywe jioni ukishaegesha gari. Pale mezani nusa tu. Harufu peke yake ina mengi. Usilipuuze hili: tangu Desemba 2014 kikomo cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, wakati England ni 80, na barabara nyingi za milimani zinapitisha gari moja tu. Ila ukivimaliza vichupa vyote usiku wa manane, alfajiri usiguse usukani. Pombe bado imo mwilini. Kiwanda kikikosa vichupa, mwachie mwenzako glasi yako.