Kipime kitabu cha kielektroniki kabla hujasafiri

Wasomaji wa Kigoma, hasa mnaopanda boti kwenda vijiji vya mwambao kusikoshika mtandao: ukinunua kitabu cha EPUB (aina ya faili la kitabu cha kielektroniki), kirushe kwenye simu nyingine, zima data, kifungue bila kuingia kwenye akaunti yoyote. Kikifunguka hakina kufuli la DRM (kufuli la kidijitali linalozuia kunakili), tunza nakala popote upendapo. Kikikataa, mara nyingi ni kwa sababu ufunguo uko kwa muuzaji, na anaweza kuuchukua. Mwaka 2009 duka la mtandaoni la Amazon lilifuta kwa mbali vitabu vya mwandishi George Orwell kwenye Kindle (vifaa vyake vya kusomea vitabu) za watu waliokwisha kulipa. Walirudishiwa pesa, lakini hilo halihalalishi kuingia kwenye kabati la mtu! Kipimo hiki hakifai kwa Kindle: ukiiingizia EPUB kwa waya haiisomi hata kama EPUB hiyo haina kufuli. Igeuze EPUB hiyo kwanza kuwa AZW3 (aina ya faili ambayo Kindle huisoma) kwa programu ya bure ya Calibre.