Namna ya Kumshuhudia Kristo Jaribu Likiwa Bado Halijakwisha

Katika makanisa yetu mengi ushuhuda husikika baada ya mambo kutengemaa. Anayesimama mbele ya waumini na kusema "Bwana asifiwe" ni yule aliyepona, aliyepata kazi baada ya kuhangaika miaka mingi, au aliyejaliwa mtoto alipokuwa amekwisha kukata tamaa. Aliye bado wodini, anayedaiwa kodi ya nyumba miezi kadhaa, au ambaye ndoa yake inayumba, huketi kimya akidhani zamu yake haijafika. Mwongozo huu ni wa huyo aliyeketi kimya. Agano Jipya halimngojei mtu atoke katika taabu ndipo aseme habari za Kristo, na kwa kweli sehemu kubwa ya nyaraka zake iliandikwa na watu waliokuwa kifungoni au kwa watu waliokuwa wakiteswa.

Ujasiri huombwa

Tuanze na kosa linalowafunga wengi, yaani kudhani kwamba ujasiri ni tabia ya kuzaliwa, ambayo mwinjilisti anayo na mama wa kawaida hana. Petro aliyesimama mbele ya baraza la Yerusalemu ndiye yule aliyemkana Bwana wake mbele ya kijakazi, usiku wa kukamatwa kwake. Yeye na Yohana walipoachiliwa, wakiwa wameonywa wasifundishe tena kwa jina la Yesu, walirudi kwa wenzao wakaomba, na ombi lao katika Matendo ya Mitume 4:29 lafaa kusomwa polepole. Hawakuomba matisho yaondolewe. Waliomba Bwana ayaangalie, kisha awajalie watumwa wake kulinena neno lake kwa ujasiri wote. Paulo naye, akiwa mfungwa, aliwasihi Waefeso wamwombee apewe usemi, jambo ambalo mtu mwenye usemi wa kumtosha asingelihitaji.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike majina machache ya watu unaoonana nao kweli: jirani, mwenzako wa kazini, ndugu wa ukoo, muuza genge unayenunua kwake nyanya. Waombee kwa majina yao kila siku kabla hujamwambia yeyote neno lolote, na uombe pia nafasi ya kusema. Mara nyingi nafasi hiyo huja kwa swali. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawataka Wakristo wawe tayari kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao, "lakini kwa upole na kwa hofu." Wasomaji wake walikuwa katika mateso, na hapo ndipo penye uzito wa maneno yale, kwa kuwa ni nadra mtu kuulizwa habari za tumaini ikiwa mambo yake yote yamenyooka.

Kuandaa maneno yako

Ushuhuda wa mtu aliye ndani ya jaribu uwe mfupi, wa dakika tatu hivi, na uandaliwe mapema, kwa sababu siku ya kuulizwa moyo hudunda na maneno hupotea. Sema Kristo amekufanyia nini, sema wazi unapitia nini sasa, kisha eleza kwa nini bado unamshikilia. Tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto anayeugua selimundu. Anaweza kusema hivi: "Mtoto wangu anaumwa, nawe umeniona nikimkimbiza hospitali usiku. Nimemwomba Mungu amponye, na mpaka leo hajapona. Zipo siku ambazo sina la kusema mbele zake isipokuwa kulia. Lakini najua kwamba Yesu alikufa kwa ajili yangu na akafufuka, na kwamba hakuniacha hata katika usiku ule mgumu. Ndiyo maana naendelea kumtumaini." Hapo pana kweli yote ya injili, na hakuna neno lililotiwa chumvi.

Jihadhari na msamiati wa kanisani. Maneno kama "upako", "kufunguliwa" na "kufunikwa kwa damu" yana maana kubwa kwetu, lakini kwa jirani ambaye hajawahi kuingia kanisani ni fumbo, na mengine humtisha. Usiyapambe maisha yako ya zamani hata dhambi zikavutia kuliko wokovu. Zaidi ya hayo, usitoe siri ya mtu mwingine: ugonjwa wa mumeo au aibu ya binti yako si mali yako ya kuisimulia mbele ya watu bila idhini yao.

Ukiulizwa swali usiloweza kulijibu, sema hulijui jibu lake. Yule aliyezaliwa kipofu, katika Yohana sura ya 9, alibanwa na Mafarisayo kuhusu mambo ya elimu ya dini ambayo hakuwa na uwezo nayo, naye akawajibu kwamba analijua neno moja, kuwa alikuwa kipofu na sasa anaona.

Mfano mzuri kupita yote, kwa maoni yangu, unapatikana katika 2 Wafalme sura ya 5, nao huhubiriwa kwa upande wa Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma, hata msichana mtumwa wa nyumbani kwake akasahaulika. Alikuwa ametekwa na vikosi vya Washami katika nchi ya Israeli, akafanywa mtumishi wa mke wa jemadari wa jeshi lilelile lililomwondoa kwao. Biblia haimtaji jina, wala haisemi kama alipata kurudi nyumbani. Jaribu lake lilikuwa pale pale asubuhi na jioni, katika nyumba aliyoifagia, na bado alimtakia mema aliyemtesa, akamwambia bibi yake habari za nabii aliyekuwa Samaria. Hakuhubiri. Alisema sentensi moja au mbili, kwa wakati wake, kwa mtu aliyekuwa karibu naye, na maneno hayo yakamfikia mfalme. Anayetaka kujifunza kushuhudia akiwa na kidonda kibichi na amsome msichana huyu kabla ya kumsoma mtume yeyote.

Usiahidi ambacho Mungu hakukiahidi

Wengi wetu tunapopungukiwa na ujasiri hujazia kwa ahadi: njoo kwa Yesu utapona, utapata kazi, biashara itafunguka. Vijana watatu wa Danieli sura ya 3 walijua namna nyingine ya kusema. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru ya moto, wakaongeza, "Bali kama si hivyo," kwamba hata hivyo hawataisujudia sanamu. Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke na haukutoka. Alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto. Alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mtume aliyewaombea wagonjwa wakapona hakuona haya kuandika hayo.

Hivyo mwombee mgonjwa apone, tena bila woga, lakini usimwambie kamwe aache dawa zake, ziwe za kufubaza virusi vya UKIMWI, za shinikizo la damu au insulini. Wala usimwambie kwamba anaumwa kwa sababu imani yake ni haba. Rafiki zake Ayubu walifanya vyema siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno, na shida ilianza walipofungua vinywa.

Kumtumaini Mungu ni kazi ya kila siku

Huwezi kumpa mwingine tumaini ambalo wewe mwenyewe hulilishi. Watu wengi hudhani kumtumaini Mungu ni kujikaza usilie, ilhali Zaburi zimejaa vilio. Zaburi ya 13 huanza kwa kumuuliza Bwana hata lini atamsahau mtu wake, na Zaburi ya 88 humalizika gizani, bila neno la faraja. Chagua zaburi moja ya namna hiyo, uisome kwa sauti asubuhi, kisha utie shida yako mahali pa shida ya mwandishi, kwa Kiswahili chako cha kila siku. Usiifanye peke yako muda wote: nenda kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye ibada ya nyumbani au kwa wazee wawili wa kanisa unaowaamini, uwaambie hali ilivyo.

Paulo na Sila kule Filipi walipigwa kwa bakora, wakafungwa miguu kwa mkatale, na usiku wa manane walikuwa wakiomba na kuimba huku wafungwa wengine wakiwasikiliza. Sehemu hiyo huimbwa sana. Sehemu isiyoimbwa ni ya asubuhi yake, ambapo Paulo alikataa kutolewa kwa siri na kuwataka wakuu waje wenyewe, kwa kuwa walikuwa wamewapiga raia wa Roma bila kuwahukumu. Kumtumaini Mungu hakumzuii mtu kudai haki yake. Mkristo aliyefukuzwa kazi kwa uonevu anaweza kuomba na kufunga, kisha akaenda mbele ya sheria, akisema kweli bila matusi.

Afrika Mashariki inao ushuhuda wake wa namna hii. Ule uamsho uliosambaa hadi Uganda, Kenya na Tanganyika ulichipuka mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni, katika eneo lililokuwa limetoka kupigwa na njaa kali ya mwaka 1928 na 1929. Daktari Joe Church, aliyehudumia watu wa njaa ile, alifika Kampala mwaka 1929 akiwa amechoka mwili na roho, akakutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, kilimani Namirembe, nao wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Watu wa uamsho hawakusubiri kuwa imara ndipo washuhudie. Walizoea kutaja dhambi na udhaifu wao wazi, wakaita hali hiyo kutembea nuruni. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, katika miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo na wakakataa pia kushika silaha upande wa serikali, na baadhi yao waliuawa.

Janani Luwum, askofu mkuu wa Kianglikana nchini Uganda aliyeokoka katika uamsho huohuo mwaka 1948, alijiunga na maaskofu wenzake mwezi Februari 1977 kumwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu uliokuwa ukitendeka nchini. Tarehe 16 mwezi huohuo aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Mwaka ule ule Kanisa la Uganda liliadhimisha miaka 100 ya kuwapo kwake. Barua kama ile huhitaji ujasiri uliozoezwa kwa miaka mingi katika mambo madogo, na mambo madogo ndiyo yaliyo mikononi mwetu wengi.

Mazungumzo yenyewe

Siku ikifika, sikiliza kwanza. Muulize mwenzako hali yake na umwache amalize. Kama ni kazini, tumia saa ya chakula, kwa maana saa za kazi ni za mwajiri. Kama ni Mwislamu, zungumza juu ya Yesu unayemjua na uache kabisa kuikejeli Qurani au Mtume wake. Mihadhara ya kushindana barabarani imewapa watu sifa ya ushindi na kuvunja ujirani wa miaka. Kuwa mwangalifu hasa kwa mtu anayekutegemea, kama dada wa kazi nyumbani kwako au mtu anayedaiwa nawe, kwa sababu "ndiyo" yake yaweza kuwa ya kuogopa kupoteza ugali. Msaada wa unga usiwe na sharti la kuhudhuria ibada. Na kusambaza ujumbe wa WhatsApp unaotishia laana kwa asiyeupeleka kwa watu kumi si kushuhudia.

Ukimaliza, uliza kama unaweza kumwombea, na akikubali, omba hapo hapo kwa sentensi chache na umtaje kwa jina. Kisha nyamaza. Akikataa, heshimu jibu lake na uendelee kumsalimu kama zamani, uende akifiwa, ukae naye msibani na uoshe sufuria pamoja na wengine.

Akikubali kumfuata Kristo, usimkimbize mbele ya watu. Ikiwa nyumbani kwake atapingwa, mpeleke kwa mchungaji au padri mwenye hekima, mshauriane lini na vipi awaambie wazazi au mwenzi wake, na nani atampokea akifukuzwa. Halafu someni pamoja Injili ya Marko, sura moja kila juma; sura ni 16, hivyo itachukua takribani miezi minne. Mkifika sura ya 8, mahali Yesu anapowaambia wanaotaka kumfuata wajitwike msalaba wao, msipaharakishe. Mwache aulize gharama yake ni nini, nawe umweleze ya kwako kama ilivyo juma hilo.