Neti isiyopanda ngazi

Nyumba ya shangazi yangu, Malindi ndani ya Mji Mkongwe, ina ghorofa tatu na kuta za mawe na chokaa zenye unene wa dhiraa nzima. Rauta iko chini ukumbini, pale fundi alipoishia na waya wake. Ukiwa hapo simu inakamata vistari vyote. Juu kabisa, chumbani kwa binamu yangu, unaliona jina la neti tu, kuingia huwezi. "Neti yetu haipandi ngazi," husema shangazi, na kwa miezi kadhaa dawa yake ilikuwa kununua bando kubwa zaidi. Bando halikuwa na kosa. Mawe ndiyo yaliyokuwa yakimeza mawimbi.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, pima spidi ukiwa hatua mbili kutoka kwenye rauta, kisha pima tena juu. Kama hata chini ni mbovu, piga simu kampuni yako. Kama chini ni nzuri na juu hakuna kitu, endelea na mimi.

Ingia kwenye rauta kwa kivinjari: andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Zikikataa, fungua maelezo ya waifai kwenye simu, utaikuta anwani yenyewe palipoandikwa Gateway. Nywila ya kuingilia humo si ile ya waifai. Mara nyingi imebandikwa chini ya rauta. Ibadilishe siku hiyo hiyo. Ukiwa bado humo, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba ya PIN bila nywila, maana udhaifu wa hiyo PIN unajulikana tangu 2011, na kwenye usalama chagua WPA2 yenye AES (namna ya kuficha data hewani), au WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaikubali. Ukiikuta TKIP, ufichaji wa kizamani, iondoe: inaibana waifai isivuke megabiti 54 kwa sekunde, hata rauta iwe mpya namna gani.

Sasa chaneli, yaani mkondo ambao rauta inarushia mawimbi yake. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 tumia 1, 6 au 11 tu, na upana uwe megahezi 20. Ukiweka 40 unajitandaza kwenye nafasi ya majirani, nao wanakujia wewe. Kujua majirani wako wapi, kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri uandike netsh wlan show networks mode=bssid. Kwetu watu saba walikuwa wamerundikana kwenye 6, nasi tukiwemo. Tukahamia 1. Iandike kwa mkono, usiiache Auto, kwani kila umeme ukikatika na kurudi rauta inaweza kujichagulia nyingine. Gigahezi 5 ina kasi kuliko hiyo, ila kwenye kuta kama zetu haitoki nje ya chumba. Iwashe, lakini usiitegemee ipande ghorofa.

Hayo yote yalitufikisha ghorofa ya pili. Ya tatu ilihitaji rauta nyingine. Usikimbilie dukani; ile ya zamani iliyolala kabatini inatosha. Vile vifaa vya kurudufisha mawimbi bila waya sivipendi: vinapokea kilichokwisha kuchoka na kukitangaza upya. Vuta waya wa mtandao, Cat 5e, kutoka rauta ya chini. Sisi tuliupitisha kando ya ngazi, ukafuata boriti hadi juu.

Rauta ya zamani kwanza ibonyeze kitufe cha Reset kwa pini, sekunde kumi hivi, isahau mambo ya zamani. Iunganishe na laptopu kwa waya, peke yake, bila kuigusisha na ile kubwa ya chini. Badilisha anwani yake ya LAN (mtandao wa ndani ya nyumba) iwe 192.168.1.2, kama kubwa ni 192.168.1.1. Itakutoa, ingia tena kwa anwani mpya. Kisha zima DHCP, ile kazi ya rauta ya kuvigawia vifaa anwani.

Hapo kwenye DHCP ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza nilisahau kuizima, nikachomeka waya na kwenda zangu msikitini. Narudi, nyumba imegawanyika: simu ya shangazi inafanya kazi, ya binamu ina vistari vyote lakini inaandika hakuna intaneti, na kila anayezima na kuwasha waifai anabahatisha. Nilipoangalia simu ya binamu, Gateway yake ilikuwa 192.168.1.2 badala ya .1. Rauta mbili zilikuwa zikigawa anwani, na ya juu ilikuwa ikiwaelekeza watu kwake, nayo haina njia ya kutokea. Ukiona dalili hiyo usitafute mchawi, DHCP ya pili iko wazi. Na kwenye kubwa weka igawe kuanzia .100 hadi .200, isije ikampa mtu hiyo .2.

Waya utoke tundu la LAN la rauta ya chini uingie tundu la LAN la rauta ya juu. Tundu la WAN la rauta ya juu, la kupokelea intaneti, lile lililotengwa au lenye rangi yake, liache tupu. Jina la neti, nywila na aina ya usalama viwe sawasawa na vya chini. Chaneli ndiyo itofautiane. Sisi chini ni 1, juu ni 11.

Tatizo la mwisho lilikuwa simu zenyewe. Simu ikiing'ang'ania rauta ya chini hata ukiwa juu, yenyewe ndiyo inayoamua, si wewe. Punguza nguvu ya kurushia ya rauta ya chini, kwetu tuliweka wastani, simu ipate kuiachia mapema.

Mwisho pakua faili la mipangilio ya kila rauta uliweke kwenye flashi, na uandike .1 na .2 kwa kalamu juu ya plasta, ubandike kwenye kila moja. Zetu zina chumvi ya bahari kwenye matundu tayari, na siku ya kuzibadilisha sitaki kuanza kuuliza ipi ni ipi.